Konstebo Niliyemzika kwa Aibu

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka, mjukuu wangu, kila theluji inapoanguka kwenye mto Humber hapo chini ya dirisha letu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, naishi na wazazi wangu katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Voi. Sikujua kwamba ningezeekea huku Kanada. Nilichojua ni sifa, na zilikuwa zimenilewesha.

Sifa zenyewe zilitokana na redio. Mzee Mghanga, seremala wa reli, alikuwa na redio ya betri, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana aliitoa uani ili majirani wasikilize mchezo wa Kiingereza kuhusu polisi wa mpakani wa Kanada. Walikuwa wawili, koplo mzee na konstebo kijana, wakiwafukuza wezi wa ngozi za wanyama kwenye theluji, huku mizigo yao ikikokotwa na mbwa. Pale uani mimi peke yangu ndiye niliyekijua Kiingereza, basi nilisimama kando ya redio nikitafsiri. Nikikohoa tu, watu wazima walinyamaza. Msichana gani asingevimba kichwa?

Mama Mwadime, muuza mihogo, alikaa mbele siku zote. Mchezo ukiisha aliuliza jambo moja tu: "Yule mdogo yuko salama?" Mwanawe, Mwadime, alikuwa polisi wa kweli, kule mpakani kaskazini, na hakuwa ameandika barua kwa miezi mitatu. Mimi nilidhani anapenda hadithi tu.

Jumapili hiyo barafu ya mto ilipasuka na konstebo akazama. Papo hapo betri zikalegea. Tukabaki na mikwaruzo na sauti mbili tatu za mbali, kisha mchezo ukaisha. Ua wote ukanitazama. Ningeweza kusema sikusikia. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kijinga kabisa. Nikasema, "Amekufa. Koplo amemzika pale pale ukingoni." Hata wimbo wa mazishi niliongeza.

Mama Mwadime akainuka, akajifunga leso, akaenda zake bila kuniuliza kitu. Jumatatu hakwenda sokoni. Jumanne jiko lake halikutoa moshi. Mama yangu alimpelekea uji, akarudi na bakuli likiwa limejaa vile vile. Akatueleza kwamba mama wa watu alikuwa amejiwekea moyoni kuwa maadamu konstebo wa redio yu hai, na Mwadime yu hai. Sasa alikuwa anamlilia mwanawe.

Mzee Mghanga aliniita karakanani kwake. Aliendelea kupiga randa, wala hakupaza sauti.

"Kiingereza sijui," akasema, "ila mkwaruzo naujua. Wewe ulisikia nini pale?"

"Sikusikia, mzee."

"Basi nenda ukamwambie hivyo. Na usiongeze neno."

Nilimkuta ameketi chini, ameegemea ukuta. Nikamwambia sikusikia, nilibuni, na wimbo pia niliubuni. Nikangoja kofi.

"Kwa hiyo hujui kama amekufa."

"Sijui, mama."

"Kutojua nimekuzoea," akasema. "Naweza kulala nako." Kisha akanituma kuni.

Jumapili iliyofuata, mbwa walikuwa wamemvuta konstebo hadi nchi kavu. Mama Mwadime alinitaka nirudie mara tatu, nami nikarudia. Barua ya Mwadime ilifika baadaye, ikiomba sabuni.

Haya nilikusimulia wiki iliyopita, Neema, tulipokuwa kwenye basi tukirudi nyumbani Weston kutoka kwa daktari. Daktari yule alikuwa amezungumza weee, kwa Kiingereza cha haraka ambacho masikio yangu ya uzee hayakishiki tena, akionyesha kifua changu, nawe ukanitafsiria, "Amesema uko sawa, Nyanya." Nikautazama uso wako, nikautambua. Niliwahi kuwa nao mimi, pale kando ya redio. Sikukasirika, maana nani aliwahi kukufundisha mambo ya moyo kwa Kiswahili? Ulicheka habari ya wimbo wa mazishi.

Jana ukanirudisha kwa daktari wewe mwenyewe. Daktari alipoanza, ulimsimamisha kwa mkono, ukanigeukia: "Nyanya, hapa sijaelewa. Nimemwambia arudie polepole." Akarudia mara mbili, akachora na picha. Kumbe dawa mpya ilikuwa ichukue nafasi ya ile ya zamani, nami nilikuwa nazimeza zote mbili kila asubuhi. Nilifurahi, mwanangu, nikasahau hata kuogopa.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Mtu akitegemea masikio yako, mpe ulichosikia. Usiposikia, mwambie hukusikia, hata kama ua mzima unakutazama. Aibu hiyo utaimaliza kabla hujafika nyumbani, lakini yeye ataondoka na neno lako na kuishi nalo.

Mungu akutunze, Neema wangu. Akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na siku masikio yako yatakapochoka, akupe mjukuu wa kukuinulia mkono mbele ya daktari, kama ulivyoniinulia mimi.