Uji Tuliopaka Nyumba ya Maziwa

Majina ya watu wa ile laini ya nyumba za wafanyakazi, kwenye shamba la mzungu kule juu ya Molo, ninayo yote mpaka leo, hata ya watoto waliokufa wadogo. Siyaandiki. Nataka kuandika habari ya uji tu.

Baba alikuwa ameshachukuliwa kizuizini, na nyumba za laini zilikuwa za wanaume wa kazi tu. Nyapara akaja mlangoni asubuhi.

"Wewe mama, bwana anataka nyumba ya maziwa ipakwe chokaa. Ukiweza, utakaa. Usipoweza, kuna lori la Jumatatu, la wanaofukuzwa."

"Nitaweza," mama akasema. Hakuwa amewahi kushika brashi.

Chokaa yenyewe ilikuwa ya zamani, gunia limepasuka, ukungu wa Molo umeingia ndani. Mama akaikoroga na maji, akapaka, ikateremka yote. Ukuta ulibaki vilevile, miguu yake ndiyo ikawa myeupe.

"Mama, unapaka ukuta ama unajipaka wewe?" nyapara akamcheka.

Siku ya pili mama alichukua unga wetu wa posho, wa wiki nzima, akapika uji mzito, akauchuja kwa leso, akaukorogea ndani ya chokaa. Mimi nilishika debe. Basi ikakubali! Brashi ikivutwa, chokaa inateleza. Brashi ikiondoka, inatulia pale pale, haishuki. Mama akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu baba aende.

Jirani yetu, bibi mmoja aliyezoea kupaka kanisa, akaja kutazama.

"Tia chumvi, mwanangu. Uji bila chumvi utaoza hapo ukutani."

Chumvi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kujaza kiganja tu. Jioni hiyo hapakuwa na ugali, unga wote ulikuwa ukutani. Mama alichemsha kabichi tupu. Mimi nikatema, nikalia kwamba haina ladha. Mama alinitazama, halafu akaimwaga chumvi yote kwenye sufuria.

"Haya, kula."

Ukuta ulikuwa mweupe siku nne. Bwana akapita, akatikisa kichwa kukubali, na mama akaanza kuziba matundu ya nyumba yetu kwa udongo. Kisha mvua ikaanza, haikuacha. Madoadoa meusi yakatokea chini, yakapanda, na ndani ya nyumba ya maziwa kukanuka uji uliochacha. Bwana alichungulia, akaziba pua. Alisema na nyapara.

Jumatatu tulipanda lori na sufuria yetu. Kuku wa laini walikuwa wanadonoa ule ukuta.

"Mama, wanakula posho yetu," nikamwambia.

"Waache."

Nyumba ya kukaa hatukupata tena. Tulilala kwa watu, huku na huku, mpaka mama akafa. Habari ya chumvi hakunitajia hata siku moja. Afadhali angenitajia.