Mkono Chini ya Gunia

Mwalimu wa historia hafundishi mzigo ambao shingo yake haijauonja. Kabla ya somo la wapagazi, wale watu wa zamani waliobebeshwa mizigo ya misafara, alijitwika gunia la mchanga akazunguka uwanja wa shule, na wiki nzima ukimwita anageuka mwili mzima kama kabati. Ana viganja vipana, vyeupe kwa chaki, na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ale.

Siku ya somo, mcheshi wa darasa alidakia: "Wajinga hao, bwana! Si wangetupa mzigo wakimbie?" Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu aliona somo linamponyoka, lakini hakugomba. "Njoo basi, baba, utuoneshe," akamtwika gunia. Wakatoka uwanjani; mzunguko wa pili kijana akaanza kuyumba, mzaha umemkauka mdomoni. Mwalimu, aliyekuwa ubavuni mwake muda wote, akapenyeza kiganja chini ya gunia akaliinua kidogo. Kijana akashusha pumzi, kisha akauliza taratibu: "Mwalimu, na yule mpagazi, nani alimwekea mkono?" Mwalimu alimtua gunia, akampa chaki. "Kaliandike swali hilo ubaoni, mwanangu." Mwalimu wa hesabu alipoingia alilisoma, akaliacha, akabananisha hesabu zake pembeni.