Nilichagua Ile Nzito

Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kompyuta ya mkononi huongezeka uzito kila unapoandika ndani yake. Jamaa mmoja aliyetoka Songea alitueleza hivyo kituoni Kitai, na abiria wa basi zima tukaitikia kwa vichwa kama maprofesa. Mimi nilikuwa nimehitimu kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia.

Basi nilipokwenda Mbinga kununua iliyotumika Ulaya, muuzaji aliniwekea mbili mezani, bei moja. Nikazipima mkononi. Kwetu Kitura kahawa mbivu tunaimwaga kwenye maji, na punje nyepesi zikielea tunazitenga kama mbovu. Nikachukua nzito. Niliibeba hadi nyumbani kama mfuko wa saruji, nikijua ndani yake imo elimu yote ya Mzungu aliyeitumia kwanza.

Nilikuwa na kazi nayo: kuandika majina ya marehemu wetu. Misalaba ya mbao kwenye makaburi ya ukoo wetu ilikuwa imeliwa na mchwa, na Baba peke yake ndiye aliyejua nani amelala wapi, huku mlimani na kule ziwani. Ugonjwa wa koo ulikuwa unamnyang'anya sauti.

"Daftari halitoshi?" aliniuliza.

"Baba, daftari nalo litaliwa na mchwa."

"Haya, profesa. Na hilo dude lako linakula nini?"

Lilikula umeme, na kijijini hatukuwa nao. Alitaja makaburi manne, kioo kikazimika. Nikamwomba asubiri, nikaenda kuchaji Mbinga. Niliporudi akataja matatu, kikazimika tena. Safari iliyofuata nilikaa mjini siku mbili nikimngoja fundi wa kompyuta, nisimpate. Niliporudi, Baba alikuwa kitandani akinyoosha kidole kuelekea makaburini, midomo ikicheza bila sauti. Tulimzika wiki hiyohiyo.

Baada ya msiba nilirudi kwa fundi.

"Majina saba yamo humu," nilimwambia. "Mbona uzito ni uleule?"

Hakucheka. Aliifungua, akachomoa betri, akaiweka mbele yangu.

"Kaka, maandishi hayana uzito. Hii ni nzito kwa sababu ni ya zamani, na betri yake ilishakufa kabla hujainunua. Nyepesi ndizo mpya, ndizo zinazokaa na chaji. Na kwa kazi yako, daftari lingetosha."