Zamu Aliyoikataa Ubeid

Ubeid wa Lamu anabeba mizigo kwenye hoteli moja ya Al Rigga, Dubai, na kwa maneno hana mpinzani. Lifti haijafika ghorofa ya tano, mgeni keshaujua ukoo wake wote. Aliporudi kutoka likizo ya mwaka huu akiwa kimya, sisi tunaofanya naye kazi tulishtuka. Kumbe hakwenda Lamu. Alikwenda Nepali, juu kabisa kwenye milima ya Mustang, kwa Tsering.

Tsering alibeba masanduku pamoja nasi, na yeye na Ubeid walikaa chumba kimoja mtaa wa Al Muraqqabat miaka sita. Mwaka jana mama yake Tsering aliugua. Meneja akampa ruhusa, mradi apate wa kumshikia zamu siku kumi. Tsering akamwomba Ubeid.

"Wallahi nimechoka, ndugu yangu," Ubeid akamjibu. "Msubiri Sowedi arudi kutoka Kampala."

Sowedi, mwenzetu wa mizigo, alirudi baada ya wiki, akaishika zamu. Tsering alipofika kwao, mama alikuwa ameshafariki na kuchomwa kwa desturi yao, na hiyo ilikuwa siku ya nne tangu achomwe. Akabaki huko kumtunza baba.

Basi Ubeid alikwenda kuomba radhi. Anasema aliposhuka tu garini, hewa haikumtosha. Hatua ishirini, anashika ukuta. Milima mikavu, haina hata mti, na baridi ya kukata masikio. Aliona vitambaa vya rangi juu ya kila paa akadhani pana harusi. Akaambiwa vimeandikwa dua, na upepo ndio unaozisoma. Nyumbani kwa Tsering akapewa chai ya chumvi na siagi. Kwa adabu zetu za pwani akaimaliza, wakajaza. Akaimaliza tena, wakajaza tena. Hakujua kwamba huko kikombe kitupu ndio kuomba nyingine.

Kisha baba mtu akasimama, akamvika shingoni kitambaa cheupe cha heshima, akasema maneno marefu huku akilia.

"Anasemaje?" Ubeid akauliza.

Tsering alikuwa anatazama moto. "Anakushukuru kwa zile siku kumi ulizonishikia zamu."

Ubeid akamvuta nje. "Kwa nini umewaambia hivyo? Mimi nimekuja kuomba radhi!"

"Miaka sita nilimwambia mama nina ndugu Dubai," Tsering akasema taratibu. "Kwenye simu alikuwa akiuliza habari zako kabla ya zangu. Ulitaka nije nimwambie baba nini?"

Ubeid anajuta, na ananiambia anajuta, kila tukikutana kwenye lifti. Siku ile angeweza kurudi ndani akasema kweli, lakini angemwaibisha Tsering mbele ya babake. Mzee akatoka, akamshika mkono, akamkalisha mahali pa mgeni mkubwa. Ubeid akala, na kila alichowekewa akakipokea.