Ganda la Gemu Lisilotobolewa

Jumamosi, tarehe 9 Machi, Bisibisi alianza kazi saa mbili asubuhi akaimaliza saa kumi alasiri. Katika saa hizo nane, moja na nusu ilikwenda kwa kumbembeleza mama yake amruhusu kukifungua kifaa cha gemu alichokiacha marehemu baba.

“Haya, fungua,” mama alisema hatimaye. “Ila ukilitoboa ganda hili, mimi na wewe basi. Marehemu alilileta likiwa zima.”

Bisibisi, aliyebandikwa jina hilo na kaka yake tangu alipoingia chuo cha ufundi, aliahidi. Alizitoa bodi za zamani zilizokwisha kufa, akazihifadhi katika boksi la viatu. Mahali pake akafunga kompyuta ndogo isiyozidi pakiti ya karata, na feni ya kusukuma hewa ya moto nje kupitia matundu ya kifuniko. Kitufe kilekile chekundu ndicho kilichoiwasha, na kamera akaibandika juu ya televisheni. Kusudi lilikuwa moja: mama amwone kaka, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, kwenye televisheni, badala ya kukodolea macho simu yenye kioo cha nyufa.

Jumapili, Bisibisi akiwa zamu karakana, kaka alimpigia.

“We Bisibisi, mashine yako imezimika, au imechoshwa na maswali ya Mama?”

Bisibisi aliibeba hadi karakana, ikawaka kutwa nzima bila kukohoa. Akairudisha nyumbani; Jumapili iliyofuata ikazimika tena, mama akiwa katikati ya kuuliza kama mwanawe anakula vizuri.

Bisibisi alikuna kichwa. Joto, bila shaka, matundu hayakutosha. Ahadi ni deni, alijua, lakini mama alikuwa ameanza kuiogopa Jumapili. Jumapili ya tatu aliomba ruhusa kazini, akafika nyumbani na drili mkobani.

Mama alikuwa ameketi tayari, ushungi umenyooshwa. Juu ya ganda alikuwa ametandaza kitambaa cheupe cha kufuma, kizito, kimepigwa pasi.

“Mama, hicho kitambaa ni cha nini?”

“Kaka yako anapiga. Kitu cha baba yake kikae uchi?”

“Kamera haikioni.”

“Mimi nakiona.”

Bisibisi alikiondoa taratibu, akauchukua mkono wa mama na kuuweka juu ya matundu. Hewa ya moto ikamgusa kiganja.

“Kumbe kinapumua,” mama alinong'ona. “Nami nakiziba pua mwanangu akizungumza!” Akacheka peke yake, kisha jicho likaangukia mkobani. “Na hiyo drili?”

Bisibisi hakuwahi kujua kudanganya. “Nilikuja kutoboa.”



“Bila kuniambia?”

“Niliogopa utakataa.”

“Ningekataa.” Mama alikikunja kitambaa mara mbili, akakipakata. “Basi leo hakuna wa kumcheka mwenzake. Mimi nafunika nisichokijua, wewe unataka kutoboa usichoniuliza. Kifungue, nione ndani.”

Waliinamia meza, vichwa vikigusana. Mama aliuliza kila waya unakwenda wapi, na Bisibisi alijibu kila swali. Kaka alipopiga, ilimbidi asubiri hadi skurubu ya mwisho irudi mahali pake.

Mwaka mmoja baadaye feni ilichakaa. Bisibisi alirudi kutoka kazini akakuta mpya inazunguka, na skurubu nne zimekazwa kupita kiasi. Mama alikuwa ameibadilisha mwenyewe.