Mkono wa Mikayi

Mwaka ule mvua ilifika kwa wakati wake, na nyumbani kwetu hakuna mtu aliyeweza kupanda.

Kwetu, kwenye udongo mweusi nyuma ya Ahero, mbegu ya kwanza huwekwa ardhini na mikayi, yaani mke wa kwanza wa boma. Mikayi alikuwa mama yangu. Akishapanda yeye, ndipo mama mdogo, mke mwenza wake, apande, halafu wake za kaka zangu. Asipopanda, majembe yanakaa. Na sasa mikayi mwenyewe alikuwa hospitalini Kisumu, anatemea mate kwenye kopo kwa sababu hata mate yake yalikataa kupita kooni.

Saratani ya koo. Dawa za kemo amemaliza, nywele zimekwisha, na uvimbe uko palepale. Nilimvamia daktari kama vile yeye ndiye aliyemtia ugonjwa. Hiyo dawa yenu inafanya kazi gani basi, kama si kumtesa tu mzee wa watu?

Alivuta kiti, maskini, akanieleza polepole. Dawa inaharibu seli. Kisha ndani ya seli kuna protini ambayo kazi yake ni kukagua uharibifu. Ikiona umezidi, inaamuru seli ife, na seli inatii. Inajikata vipande, jirani zake wanavimeza, hakuna fujo. Hata sasa, tukiongea, mwilini mwangu kuna seli zinakufa hivyo, ndiyo maana mimi ni mzima.

"Kwa mama yako protini hiyo imeharibika," alisema. "Dawa inapiga, seli zinaumia, lakini hakuna wa kuziambia zife. Zinaendelea kuzaana tu."

"Si muirekebishe!"

"Watafiti wanajaribu. Wanatafuta dawa ya kuirudishia nguvu, ili seli zikubali kufa tena. Bado ni majaribio. Hapa hatuna, na sitaki kukudanganya kwamba itamkuta hai."

Mama alitaka kujua tunabishana nini. Nikamweleza yote kwa Dholuo, maana ukimficha ananuna siku nzima. Akacheka kwa ile sauti yake iliyobaki.

"Kumbe ni kama nyumbani," alisema. "Wote wanangoja mmoja aseme, na huyo mmoja ni mgonjwa."

Mimi sikuona cha kuchekesha. Mama mdogo alikuwa akinipigia simu kila asubuhi: mvua inapita, mwanangu, ongea na mama yako. Alikuwa na haki. Mama akifa kabla ya kupanda, matanga yangemeza msimu, na boma zima lingekosa chakula. Lakini nilipomgusia mama, aligeukia ukuta.

"Nikishapanda, nani tena ataningoja?"

Moyoni nilisema wacha wakae njaa wote, mradi yeye abaki.

Daktari alipoturuhusu kurudi nyumbani, mama mdogo alitupokea uani na bakuli la mahindi ya mbegu. Alikuwa analia tu, machozi yanadondokea humo humo. Mama akamtazama, akasema, "Niteremsheni, mnipeleke shambani."

Tulimkalisha pembeni mwa shamba, juu ya gunia. Mama mdogo akachimba shimo moja, akamwekea konzi ya mbegu kiganjani. Vidole havikufunga. Niliponyoosha mkono kumsaidia, mama mdogo akaupiga kofi.

"Usiguse! Wewe umeolewa. Huo mkono ni wa boma lingine."

Uchungu niliousikia pale sijawahi kuusikia tena, hata siku ya kumzika. Tulisimama tukimwangalia akigeuza kiganja kwa shida, mbegu zote zikaanguka shimoni kwa pamoja. Akasukumia udongo kwa kifundo cha mkono. Mvua ikaanza, hakuna aliyesogea.

"Haya," akamwambia mama mdogo. "Pandeni."

Wakapanda mpaka giza likaingia, na mimi nikamrudisha ndani nikamfuta matope. Kwa wengine alikuwa ametoa ruhusa. Kooni mwake hamkuwa na wa kutoa amri.

Alikufa kabla ya palizi. Mahindi ya wengine yalikuwa yamefika magotini, na shimo lake lilikuwa limechipuka kichaka kizima, miche imebanana. Kwa kawaida mahindi yaliyozidi hung'olewa, yakabaki mawili yaliyo na nguvu. Lakini kung'oa nako huanzwa na mikayi, na mke mwenza hawezi kuchukua nafasi yake. Nilipowaambia wayapunguze, kila mtu alitazama pembeni, na mimi mkono wangu ulikuwa wa boma lingine.

Basi yakaachwa. Yakarefuka pale, membamba, ya manjano, yakinyang'anyana udongo uleule, na hayakuzaa hata gunzi moja.