Bushi Mpya na Mgongo wa Baba

Wiki iliyopita gari langu lilianza kugonga. Kila nikipita kwenye tuta, chini kushoto, ko-ko. Nikalipeleka kwa fundi wangu Kinondoni. Akalipandisha, akatikisa gurudumu, akasema bushi zimekwisha, dada. Kabla sijamaliza soda yangu alikuwa ameshafunga mkono mpya wa chuma unaoshika gurudumu, bushi zikiwa ndani tayari, na ule wa zamani kautupa kwenye rundo la vyuma chakavu. Nikabaki nimeutazama, na mpira wake uliochanika. Harufu ile ya grisi na vumbi ilinirudisha uani kwetu Gongo la Mboto, mwaka ule baba alipokuwa haketi wala halali kwa raha.

Baba alikuwa karani, mtu wa bara, mpole, aliyepiga pasi shati lake mwenyewe kila asubuhi. Alipanda juu ya paa kuziba bati linalovuja, akaanguka, akaumia mgongo. Daktari alisema atatembea tena, ila kwa mazoezi, na mazoezi yalikuwa hospitali ya mjini. Gari tulikuwa nalo, dogo, la zamani, rangi ya maziwa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kuendesha alikuwa amejifunza juzijuzi tu. Akawa ndiye dereva.

Sijui nikueleze vipi barabara ya mtaani kwetu enzi zile. Mvua ikinyesha ilichimbika makorongo, jua likiwaka yakakauka yakawa kama mawe. Sasa bushi ni kitu kidogo, mpira ndani ya pete ya chuma, unakaa pale ambapo mkono ulioshika gurudumu unaungana na gari. Mpira ukichakaa, chuma kinapiga chuma, na kila shimo linafika hadi kwenye kiti. Kwetu lilifika hadi kwenye mgongo wa baba. Mie nilikaaga naye nyuma, nimemshikia mto kiunoni. Hakuwa analia. Aliuma pindo la khanga ya mama, na tukifika kwenye lami pindo limelowa.

Asubuhi moja mama alipomletea uji, baba alisema haendi hospitali. Mama akambembeleza, akambembeleza tena. Baba akageukia ukutani.

"Niacheni nilale," alisema. "Nikienda huko narudi mbovu kuliko nilivyotoka."

Siku ile hakwenda, wala wiki ile, wala iliyofuata. Miguu yake ikaanza kusinyaa. Niliiona, maana mie ndiye niliyekuwa namkanda.

Jirani yetu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini. Kati ya ua wake na wetu palikuwa na uzio wa minyaa wenye upenyo wa kupita mtu, na kutwa tulisikia patasi yake. Aliuliza mbona siku hizi gari halitoki. Mama akamweleza habari za mgonjwa. Yeye, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi gereji, akasikia humo humo habari za gari. Jumamosi akaja bila kuitwa. Akainama, akaingiza nondo chini, akaisukuma, na mkono ukacheza kama jino bovu. Akamwambia mama, "Shemeji, una wagonjwa wawili. Huyu wa chuma ndiye anamuumiza yule wa ndani."

Mama akaenda kununua bushi mpya. Jirani akapandisha gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo ya mpingo aliyokuwa ameyaweka ya kuchonga. Mama alishika spana. Mie nilikoroga maji ya sabuni ya kupaka mpira uteleze. Bushi za zamani ziligoma kutoka. Jirani akaufungua ule mkono, akaubana kwenye jiriwa yake, akachonga kipande cha mpingo mviringo sawasawa na pete, akakigonga taratibu mpaka bushi ikachomokea upande wa pili. Mchana tulikula mihogo ya kuchemsha na pilipili, vidole vyote vikinuka grisi.

Baba alikuwa anasikiliza dirishani. Jirani alipoanza kukaza nati, ikatoka sauti yake ya zamani, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu aanguke.

"Jirani, usikaze bado. Kitabu cha gari kinasema ushushe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa juu mpira unajikunja, hautadumu."

Jirani akaweka spana chini. "Kweli, nilishasahau," alisema. "Basi njoo usimamie, maana mie nikiwa huku chini sioni vizuri."

Kisha baba akamwita mama amshike. Wakamtoa, mama huku na jirani huku, wakamkalisha barazani na shuka mabegani, naye akaelekeza nati moja moja mpaka adhana ya magharibi. Jioni ile aliomba aongezewe ugali. Mama aliingia jikoni kuufuata akachelewa kurudi. Nilipomchungulia, alikuwa anajifuta macho.

Jumatatu baba alipanda gari. Makorongo yalikuwa yale yale, sikudanganyi, lakini gari liliingia na kutoka taratibu, bila kelele. Khanga ilibaki kavu. Akaendelea na mazoezi, akasimama kwa magongo, mwishowe akabaki na fimbo moja.

Miaka kadhaa baadaye jirani aliuza nyumba akarudi kwao kusini. Siku ya kuondoka mama alitoa gari ampeleke kituoni. Baba akakataa.

"Huyu nitamsindikiza kwa miguu," alisema, akautwaa mfuko wa patasi akautia begani.

Niliwatazama wakienda. Kila baada ya nyumba chache walisimama baba apumzike, na jirani ndiye aliyejifanya amechoka.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mtaa una lami sasa, na penye minyaa pamejengwa ukuta wa tofali wenye vigae vya chupa juu. Siwasemi watu wa siku hizi, hata mie nina ukuta wangu. Wageni nawasindikiza hadi getini, nawapungia mkono, na komeo nafunga kabla hawajafika konani.